Msaragambo wa Mguu Wangu

Naandika haya nikiwa nimekaa mlangoni, mguu wangu wa kushoto nimeunyoosha juani, na jua linauchezea kama linavyochezea mguu wa mtu yeyote. Nakuandikia wewe mwenye donda chini ya nguo, unayechagua pa kukaa kwa kuangalia kwanza upepo unakwenda wapi. Najua unavyokaa. Nilikaa hivyo tangu palizi ya vuli mpaka kiangazi kikakatika. Elimu yangu ni ndogo, nayo niliipata nikiwa mgonjwa, kwa hiyo ukiona nazunguka kabla ya kufika, nivumilie, nitafika.

Mimi ni Mwajuma, Mzigua wa Kwamsisi. Donda langu lilianza kwa jembe. Tulikuwa tunapalilia mtama, mimi na mama, na kichwani mwangu lilikuwa linapita gari la moshi. Wauza chumvi walikuwa wametusimulia kwamba Wadachi wametandaza vyuma kutoka Tanga mpaka Korogwe, na juu ya vyuma hivyo hupita nyumba ndefu, watu wamekaa ndani wametulia, na miti ndiyo inayokimbia. Miti inakimbia! Nilikuwa naiona kabisa, mikwaju na mikuyu imeshika nguo zake inakwenda mbio, ndipo jembe likanikwaruza juu kidogo ya kifundo.

"Kichwa chako kiko wapi, wewe?" mama akauliza.

"Kiko Tanga," nikasema.

Akacheka, akatafuna majani fulani, akanitemea pale palipochubuka, tukaendelea kupalilia.

Watu huliita donda ndugu. Baada ya mwezi lilikuwa na upana wa kwato ya mbuzi, baada ya miezi miwili limejaa kiganja changu. Kingo zake ziliinuka kama mdomo wa chungu, na katikati palikuwa na rangi ya majivu. Mama alijaribu kila jani na kila mzizi aliotajiwa. Shavu la mguu likaanza kuyeyuka, mpaka ngozi ikawa inacheza kwenye mfupa kama nguo ya kuazima. Nikajitengea mkeka nyuma ya ghala. Sikufukuzwa na mtu. Ni wadogo zangu tu walioacha kunilalia mapajani, wakasema wanasikia joto.

Mjomba Shomari ndiye aliyekata shauri, maana kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Alikuja, akakaa upande wenye harufu bila kuziba pua, akasema, "Tunampeleka Korogwe. Watu wa misheni wana dawa ya vidonda."

"Watambatiza," mama akasema.

"Wakimbatiza, atakuwa Mkristo mwenye miguu miwili. Wewe unataka Mwislamu mwenye mguu mmoja?"

Mama akanifungia mtama na mkeka, akabaki na wadogo zangu, na sikumwona alipogeuza uso.

Mjomba na vijana wake walinibeba kwa machela siku tatu. Kama hujawahi kulala chali ukapitishwa porini, hujui majani yana upande wa chini mzuri namna gani. Homa ilikuwa inanipeleka na kunirudisha. Siku ya tatu niliona mawingu yamekaa chini, ya buluu, hayasogei, nikamwambia mjomba mvua imekuja kutupokea. Akasema, "Hayo si mawingu. Ndiyo milima ya Wasambaa." Nikaiangalia mpaka macho yakachoka, nikiwaza watu wanaolala ndani ya kitu cha rangi ile.

Nyumba ya dawa ya misheni ilikuwa na baraza ndefu na mabenchi mawili, na kusubiri kwenyewe ni ugonjwa wa pili. Tulikaa tangu umande haujakauka mpaka kivuli kikaingia chini ya benchi. Wa buba, wa macho, wa funza, mama mwenye mtoto asiyelia. Lakini hapo ndipo nilipoonja raha ya kwanza: hakuna aliyenikwepa. Sote tulikuwa tunanuka. Mzee mmoja mwenye vidole vilivyoliwa na funza alininusa, akatikisa kichwa kama mwonja pombe, akasema, "Lako limeiva kuliko langu, binti yangu. Pita mbele." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ilikuwa miezi sijacheka namna ile.

Mganga alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Bibi tu. Akaosha, akatazama, akasema donda lataka maji yaliyochemshwa, yenye chumvi, asubuhi na jioni bila kukosa, kitambaa safi kila mara, na mrututu kila siku ya tatu. Mrututu ni jiwe la buluu, linapendeza kama jicho la ndege, na likigusa nyama unaona nyota mchana. Yeye angeweka mrututu. Lakini maji, kuni, kufua vitambaa na kuosha, hiyo ni kazi ya ndugu wa mgonjwa.

Mjomba alitoka nje akatazama mbingu. Mawingu ya masika yalikuwa yanapandana upande wa pwani. Wasipokuwa shambani mvua ya kwanza ikinyesha, nyumba nzima haitakula. Alirudi akakaa karibu yangu, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanzu yake. Niliwaza mtama, nikawaza wadogo zangu, nikamwambia, "Mjomba, nendeni. Mimi nitaona gari la moshi." Akacheka kwa pua, na macho yake yakawa mekundu.

Yaliyofuata nilisimuliwa, kwa kuwa sikuwa kanisani. Jumapili ile Mwalimu Yohana, aliyefundisha watoto na kusomesha sala, alisema mbele ya watu kwamba kuna binti wa Kizigua barazani, hana mtu. Watu wakakohoa. Mmoja akasema si wa kanisa huyo, na wagonjwa wa kanisa wapo. Ndipo akasimama Mama Rebeka, mjane wa Kisambaa, mpana, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani.

"Kwetu milimani," akasema, "mfereji ukibomoka tunaitana msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu na jembe. Hatuulizani maji yatapita shambani kwa nani. Sasa ni mguu wa mtoto wa watu umebomoka. Mnataka niwaeleze nini tena?"

Basi ukawa msaragambo. Mama Rebeka alinichukua kwake Masuguru, akanipa kibanda kilichokuwa cha kuku, na kila nyumba ya kanisa ikapewa siku yake ya kuja kuosha mguu wangu.

Toka hapo sikuhesabu tarehe. Nilihesabu mikono. Jumatatu ilikuwa mikono ya Mama Rebeka, ya moto na ya haraka. Jumanne walikuja mke na mume vijana, wanagombana kila mara kama maji yamepoa ya kutosha, na kila mmoja anatia kidole kumshinda mwenzake. Jumatano ilikuwa ya Mzee Petro. Hakuweza kubeba maji wala kuinama, mjukuu wake wa kike ndiye aliyeosha. Yeye alikaa kupepea nzi kwa mkia wa ng'ombe, akasinzia, akapepea usingizini, na nzi wakamheshimu hivyo hivyo. Alhamisi ilikuwa ya Mwalimu Yohana. Maji yakiwa yanapoa alichukua kaa la moto lililozimika akaandika kwenye ubao, "Hii ni ma. Hii ni mu. Soma." Neno la kwanza kulisoma maishani mwangu ni *maji*, na la pili ni *moto*.

Mama Rebeka alikuwa na chungu changu peke yangu. Siku ya kwanza alinikuta sijagusa kuku.

"Kula, Mwajuma. Kachinjwa na Athumani wa sokoni. Nilisimama hapo hapo nikamwona kwa macho yangu haya."

"Asante, mama."

"Asante nini? Ninyi wa bondeni mnakula mtama mpaka damu inakuwa uji. Ndiyo maana mnaoza."

"Na ninyi mnakula ndizi mpaka mnateleza wenyewe kuja huku chini."

Alipiga kofi la paja, akaenda kumsimulia jirani, na mpaka leo Wasambaa wa Masuguru wakiniona huniuliza nani kateleza leo.

Mvua ilianza, nami nikaingia katika majuma ambayo siwezi kuyanyoosha. Nilikuwa nalala mchana na kuamka mchana. Bati hakuna, ni makuti na nyasi, na mvua juu yake ilikuwa kama watu wengi wanaonong'ona jina moja. Alasiri gari la moshi lilipiga mluzi upande wa stesheni, na mluzi ule uliingia mpaka ndani ya mfupa. Niliota mguu wangu umepanda peke yake. Umekaa kitako kwenye benchi la gari, umevaa kitambaa cheupe, unachungulia nje, na miti inakimbia. Nikauita. Ukanipungia vidole. Niliamka nacheka na machozi yananiingia masikioni.

Niseme na hili pia, kwa kuwa nimeahidi moyoni kutokuficha. Msaragambo ulilegea. Kuni zilikuwa mbichi, maji yakawa yanapata joto tu bila kuchemka, na kila mtu alikuwa na shamba lake la kupanda. Siku moja nyumba mbili zilidhani zamu ni ya mwenzake, nikakaa mpaka alasiri na kitambaa cha jana. Sikumlaumu mtu. Nililaumu moyo wangu, maana nilikuwa nimeona haya kumwambia Mama Rebeka kwamba sijaoshwa, alipopita akiitikia salamu yangu kwa haraka. Wewe usione haya. Kitambaa cha jana kina sumu.

Donda likawa jeusi katikati, na weusi ukaanza kupanda. Bibi aliweka ncha ya kijiti akabonyeza.

"Wasikia?"

"Sisikii."

Akabonyeza pengine. "Hapa?"

"Bado hujanigusa, Bibi."

Alikuwa amenigusa. Akaweka kijiti chini, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba nyama isiyosikia imekufa, na kufa kule kunapanda. Baada ya majuma matatu, pasipoonekana uhai, nitapelekwa kwa gari la moshi mpaka Tanga, kwa daktari wa kukata. Watakata chini ya goti.

Utaniona mjinga, lakini wazo langu la kwanza lilikuwa: nitapanda gari la moshi. La pili likaja nyuma yake taratibu, nikaona kwamba nitakwenda na mguu nirudi bila mguu. Nikajifunika kanga usoni.

Kanisa liliposikia, liliona aibu. Mwalimu Yohana akasema Jumapili ya pili itakuwa sadaka ya Mwajuma: mwenye kuni kavu alete kuni, mwenye asali alete asali ya kupaka, mwenye nguo ya marekani iliyochakaa alete ichanwe vitambaa. Na kwa kuwa mguu haukatwi bila idhini ya wenyewe, alimtuma mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anashuka Handeni na Kwamsisi. Alimwambia hivi, "Mfikishie mama yake Mwajuma, na mjomba, kwamba Jumapili ya pili tunatoa sadaka kwa ajili ya Mwajuma, na waje."

Yule mtu alikuwa Mwislamu. Uso ukambadilika, akasema "Inna lillahi," akaondoka mbio. Mwalimu Yohana, mtoto wa milimani, alidhani ndivyo Waislamu wanavyoagana.

Nawe usiyejua, ngoja nikueleze. Kwao kanisani sadaka hutolewa kila Jumapili, kwa furaha, kwa jambo lolote. Kwetu Uzigua, ukiambiwa inatolewa sadaka kwa ajili ya mtu, na umeitwa, huyo mtu ameshawekwa chini ya udongo. Ni wali na hitma hiyo. Hakuna Mzigua atakayeuliza mara mbili.

Jumapili ya pili nilikuwa nimeketishwa barazani kwa Mama Rebeka, namenya ndizi mbivu. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu unapanda kutoka mtoni, mweupe, mzito kama maziwa. Nikasikia kilio. Kilikuwa kilio cha kwetu, cha wanawake wa Kwamsisi, nami nikadhani naota, nikaendelea kumenya. Kisha wakatokea ndani ya ukungu, mmoja mmoja, kumi na wawili: mbele mama, amejifunga kaniki kiunoni na kichwa kimenyolewa, nyuma mjomba, nyuma wanawake na vikapu vya mchele vichwani, na pembeni yao mtani wetu Mzee Kibwana, anachechemea na fimbo, ameburuza mguu wa kushoto, anaita kwa sauti nyembamba kama yangu, "Mjomba nendeni, mimi nitaona gari la moshi!" Ndiyo kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu watu wacheke.

"Mwanangu weee! Nilikutuma peke yako!" mama alikuwa analia.

"Mama," nikasema. "Shikamoo."

Kilio kikakatika kama kamba. Kikapu kimoja kikaanguka. Mama alirudi nyuma hatua mbili, akamshika mjomba. Hakuna aliyenijibu, na hapo nami nikaogopa. Nikajitazama mikono. Nilidhani labda kweli nimekufa na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuniambia.

Mzee Kibwana ndiye aliyesogea. Alinizunguka, bado anachechemea, akanyang'anya ndizi mkononi mwangu, akaiuma.

"Maiti gani huyu," akasema, "ana ndizi nzuri kuliko sisi tulio hai?"

Mama akaja kwa magoti. Hakunishika uso. Alishika mguu, akauinamia, akavuta pumzi ndefu. Kisha akageuka kwa wenzake, machozi yamejaa mdomoni, akasema, "Ni yeye. Harufu ni ileile."

Sitaieleza kelele iliyofuata. Watu wa kanisa walikuwa wanatoka sala na mizigo ya kuni, wakakuta baraza imejaa wafiwa wanaocheka na kulia. Mjomba akauliza kwa hasira nani aliyesema sadaka. Mwalimu Yohana akajitokeza na chupa ya asali mkononi, akasema, "Ni mimi, mzee. Shikamoo. Sadaka ndiyo hii." Mjomba akatazama asali, akatazama kuni, akatazama vitambaa vya marekani. "Marahaba," akasema, na akakaa chini kwenye tope na kanzu yake nyeupe.

Walipoelezwa habari ya Tanga, kicheko kikaisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Sote tulijua neno la mjomba ndilo la mwisho. Lakini mama akamtangulia.

"Nimeshamlilia mzima," akasema. "Sitamlilia kipande."

"Dada, mtoto atakufa."

"Siku kumi si zipo? Tumekuja msibani. Nani kati yetu atashika jembe kabla matanga hayajaanuliwa? Nani? Basi mikono yote hii ni mitupu. Waambie watuoneshe hayo maji yanachotwa wapi."

Ilikuwa kweli. Kwetu mfiwa halimi. Wale watu kumi na wawili walikuwa wameagana na mashamba yao kwa ajili yangu, na mila ilikuwa haijawafungua, maana mjomba alisema waziwazi kwamba yeye hataanua matanga mpaka ajue tunaanua ya nini.

Basi waliosha. Si mara mbili kwa siku, mara nne. Wanawake wa Kwamsisi walichota, wa kanisa wakachemsha kwa kuni kavu, Mama Rebeka na mama yangu wakagombea kitambaa kila asubuhi kama mawifi.

"Hivyo siyo. Unamfunga kama mzigo wa kuni."

"Nimemzaa mimi!"

"Umemzaa, lakini mguu nimeulea mimi."

Mzee Petro na Mzee Kibwana walipepea nzi, mmoja kila upande, na baada ya siku mbili walikuwa wanasinzia pamoja. Mimi nilikuwa katikati ya yote hayo nusu nimelala, nasikia Kizigua na Kisambaa vinapita juu yangu kama maji juu ya jiwe, na asali inanukia, na weusi unatoka vipande vipande. Niliogopa kutumaini. Nilikuwa nafumba macho kila wakifungua kitambaa.

Siku ya tisa Bibi alikuja na kijiti chake. Watu wote waliambiwa wangoje nje. Akaosha, akainama mpaka nikaona njia ya nywele zake. Kesho yake ndiyo siku ya gari. Akabonyeza pembeni. Sikusikia. Akabonyeza juu. Sikusikia, nikamwona mama pale mlangoni amejiziba mdomo kwa kaniki. Kisha Bibi akaweka ncha katikati kabisa, mahali palipokuwa peusi, akabonyeza.

Nilipiga ukelele. Ulinitoka kabla sijajua ni wangu. Maumivu yalipanda mpaka jinoni, na damu ikatoka, nyekundu, tone moja, ikateleza kwenye kifundo.

"Unaniua, Bibi!" nikalia. "Mama, ananiua!"

Na huko nje, wafiwa wa Kwamsisi na Wakristo wa Korogwe, ambao hawakuona lolote, walikuwa wamesikia kilio changu tu, wakapiga vigelegele.

Donda lilifunga kipupwe kilipoanza. Kifundo ni kigumu, na ngozi pale inang'aa kama chungu kilichosuguliwa. Wewe uliyelifunika lako, lifunue leo. Waache watu wachote maji. Usiwachagulie dini wala kabila. Na siku utakaposikia maumivu mahali palipokuwa kimya, usiume meno. Lia kwa sauti, mwenzangu. Huko nje wanangoja kukusikia.